Swali la kizidishi: rufaa moja ya mtihani na namna uchumi unavyofundishwa

Usuli

Kisa hiki kinahusu kipengele kimoja cha swali moja la mtihani, chenye alama 12. Waliofanya mtihani huo ni wanafunzi wa mwaka wa pili wa shahada ya uchumi katika chuo kikuu cha umma. Wahitimu wengi wa idara hiyo huajiriwa wizara ya fedha, tume ya mipango na benki kuu. Nilikuwa mmoja wa wajumbe watatu wa jopo lililosikiliza rufaa. Nimeondoa jina la chuo, la nchi na la kila mhusika, na namba za darasani nimezigeuza kidogo ili asitambulike mtu. Matukio ya uchumi wa dunia ninayoyataja nimeyaacha na miaka yake, maana hayo yanajulikana.

Somo lenyewe ni uchumi mpana: pato la taifa, mfumuko wa bei, ajira, fedha na benki, bajeti ya serikali. Darasa lina wanafunzi karibu 200. Mhadhiri mmoja hufundisha, na wasahihishaji wanne wa muda humsaidia kusahihisha. Wote hufuata mwongozo wa usahihishaji unaopitishwa na idara kabla ya mtihani. Mwongozo hutaja hoja zinazotarajiwa na alama za kila hoja. Msahihishaji hupewa siku sita kumaliza vitabu vyake vya majibu, kisha alama zinakwenda bodi ya watahini.

Miezi michache kabla ya mtihani, benki kuu ya nchi husika ilikuwa imepunguza kiwango cha amana ambazo benki za biashara hulazimika kuweka kwake. Viongozi walitangaza kwamba hatua hiyo ingefungulia sekta binafsi mikopo. Mhadhiri aliamua kulileta jambo hilo kwenye mtihani. Nataka hili lieleweke mapema: alifanya jambo jema. Mitihani ya nyuma ya idara ile ilizungumzia nchi za kufikirika tu, na yeye alitaka wanafunzi waone kwamba wanayosoma yanatokea nje ya dirisha lao. Shida ilikuja pale mmoja wao alipochungulia dirishani kwa kweli.

Swali na majibu yaliyogongana

Kwa maneno yangu, swali lilikuwa hivi. Benki kuu imepunguza kiwango cha amana za lazima kutoka asilimia 10 hadi asilimia 5. Kwa amana ya kwanza ya 1,000, (a) kokotoa jumla ya amana zinazoweza kutokea kabla ya mabadiliko, (b) kokotoa baada ya mabadiliko, na (c) eleza athari za hatua hiyo kwa mikopo, uwekezaji na pato la taifa.

Vipengele viwili vya kwanza ni hesabu tupu. Moja gawanya kwa 0.10 ni 10, na namba hiyo ndiyo inayoitwa kizidishi, kwa hiyo amana zinafika 10,000. Moja gawanya kwa 0.05 ni 20, amana zinafika 20,000. Kwa (c) mwongozo ulitaka mnyororo: benki zinabaki na fedha zaidi za kukopesha, mikopo inaongezeka, riba inashuka na uwekezaji kupanda, mwisho pato linapanda. Hoja nne, alama tatu kila moja.

Mrufani alipata (a) na (b) bila kosa. Kwenye (c) aliandika ukurasa mmoja na nusu. Alianza kwa kusema kwamba hesabu ya juu inaonyesha ukomo tu, haielezi kitakachotokea. Kisha akaeleza kwamba benki za nchi ile tayari zilikuwa na akiba kubwa benki kuu kuliko zinavyolazimishwa, kwa hiyo kulegeza sharti ambalo halikuwa likizibana hakuzipi sababu ya kukopesha zaidi. Akaongeza kuwa dhamana za serikali zilikuwa zinalipa vizuri bila hatari, na fedha itakayofunguliwa ingeweza kukimbilia huko. Akamalizia kwa hoja kwamba benki inapokopesha haichukui amana ya mteja mwingine ikaigawa. Huandika amana mpya kwa jina la mkopaji. Kinachoizuia ni mtaji wake, uwezo wa wakopaji kulipa, na riba ya kupata fedha za kumalizia malipo kati yake na benki nyingine. Takwimu zake zilitoka kwenye taarifa ya kila mwezi ya benki kuu. Alikumbuka mbili, na moja aliikosea kidogo.

Alipewa alama 2 kati ya 12. Pembeni ya ukurasa, kwa kalamu nyekundu, msahihishaji aliandika: "Nje ya swali."

Mtiririko wa matukio

Kwanza alimwandikia mhadhiri. Mhadhiri alimjibu kwa upole kwamba alama zimetolewa kwa mujibu wa mwongozo na kwamba aliyoyaandika hayakufundishwa katika somo. Mkuu wa idara naye akasema mwongozo ulipitishwa kihalali, basi alama zibaki. Hapo ndipo rufaa ikapanda hadi ngazi ya kitivo. Mrufani aliambatisha taarifa tatu za mwezi za benki kuu ya nchi yake na makala ya mwaka 2014 kutoka jarida la kila robo mwaka la Benki Kuu ya Uingereza, makala iliyoeleza jinsi fedha zinavyoundwa katika uchumi wa sasa.

Tuliwasikiliza wote wawili alasiri moja. Mrufani alisema machache. "Mwalimu, sikukataa ulichotufundisha. Nilikitumia kwenye (a) na (b). Kwenye (c) uliuliza athari, nami nikaenda kuangalia athari." Mhadhiri alimtazama kwa muda, kisha akasema, "Mwanangu, hujakosea. Ila hukujibu swali langu."

Sentensi hiyo ya mhadhiri ilitushughulisha wiki tatu zilizofuata. Mwalimu wa uchumi anakubali kwamba mwanafunzi ameeleza uchumi wa nchi yake kwa usahihi, na papo hapo anaona ni halali kumpa alama 2. Hakusema hivyo kwa kiburi. Alikuwa anaeleza kwa unyofu jinsi mfumo unavyofanya kazi.

Taarifa zilizotoka baada ya mtihani zilionyesha kwamba mikopo kwa sekta binafsi haikuwa imesogea sana, na dhamana za serikali mikononi mwa benki zilikuwa zimeongezeka. Tulikubaliana tusizitumie kama ushahidi. Miezi michache ni mifupi mno kupima sera ya fedha, na mwanafunzi hapaswi kupewa alama kwa kuwa alibahatisha kilichotokea baadaye. Alistahili kupimwa kwa hoja alizokuwa nazo siku ya mtihani.

Hoja zilizobishaniwa ndani ya jopo

Hoja ya kwanza ilikuwa ya ngazi. Mjumbe mmoja, mwalimu wa miaka mingi, alisema mwanafunzi hujifunza umbo rahisi kwanza na ugumu baadaye. Kizidishi ni ngazi ya chini. Ukimruhusu kila mtu kuiruka, utapata wakosoaji wasiojua wanachokosoa. Naiheshimu hoja hii, na katika mada nyingi naiunga mkono. Mwanafunzi ajifunze mkondo wa mahitaji na ugavi katika soko lenye ushindani kabla hajajifunza soko la mnunuzi mmoja, kwa sababu umbo la kwanza linamsaidia kuelewa la pili. Katika mada ya benki haiko hivyo, kwa sababu umbo rahisi linageuza mwelekeo wa sababu na matokeo. Mwanafunzi akifika ngazi ya juu itabidi kwanza afute aliyoyajua.

Tulichukua karatasi tukachora mizania, yaani jedwali la mali na madeni ya benki. Benki inamkopesha mtu 100. Upande wa mali inaandika mkopo 100, upande wa madeni inaandika amana 100 ya mkopaji huyohuyo. Hakuna akiba ya mtu iliyoguswa. Mkopaji akimlipa mtu mwenye akaunti benki nyingine, benki ya kwanza itahitaji fedha za kumalizia malipo. Itazitafuta kutoka benki nyingine au benki kuu, kwa riba ambayo benki kuu imeilenga. Benki kuu inayolenga riba hulazimika kutoa fedha hizo, ambazo ndizo akiba za benki. Ikizinyima, riba inaruka juu ya lengo. Kwa hiyo katika mfumo huo mkopo hutangulia na akiba hufuata, wakati kizidishi kinafundisha kwamba akiba hutangulia.

Marekani ilitupa mfano mkubwa. Benki kuu yake ilianza kulipa riba kwa akiba za benki Oktoba 2008, na kupitia ununuzi wa hatifungani fedha msingi (fedha taslimu pamoja na akiba za benki katika benki kuu) zilipanda kutoka chini ya dola trilioni 1 mwaka ule hadi karibu trilioni 4 mwaka 2014. Kama kizidishi kingekuwa injini, ujazi wa fedha ungepanda kwa kasi hiyohiyo. Ujazi mpana, ule unaoitwa M2 unaojumlisha fedha taslimu na amana za watu, haukufika hata maradufu. Machi 2020 benki kuu hiyohiyo ilishusha kiwango cha amana za lazima hadi sifuri. Moja gawanya kwa sifuri haina jibu, na bado benki za Marekani ziliendelea kukopesha kwa kipimo, kulingana na mitaji yao na wateja wao. Kanada ilikuwa imekwisha kuachana na amana za lazima tangu miaka ya 1990.

Hata hivyo mjumbe yule mkongwe alitusahihisha mahali, na ninamshukuru. Zipo nchi ambazo benki kuu hulenga kiasi cha fedha msingi badala ya riba, soko la fedha kati ya benki ni dogo, na benki hazina akiba ya ziada. Huko amana za lazima hubana kweli, na ukizilegeza mikopo inaweza kufunguka. Zaidi ya hayo, pale ambapo amana hizo hazilipwi riba, kuzipunguza kunafanana na kupunguza kodi kwa benki, na pengo kati ya riba ya amana na riba ya mikopo linaweza kupungua. Kwa hiyo kizidishi kina masharti yake. Jibu zuri la (c) lilitakiwa kuanza kwa kuuliza kama masharti hayo yapo. Mrufani ndiye aliyefanya hivyo, mwongozo haukufanya.

Hoja ya pili ilikuwa ya haki. Wanafunzi karibu 200 walijibu kama walivyofundishwa. Ukimpandisha mmoja aliyejibu tofauti, unawaambia nini waliomwamini mwalimu wao? Tuliona kwamba hatuwezi kumtendea haki mmoja bila kugusa vitabu vyote.

Hoja ya tatu ndiyo iliyotuunganisha. Tulimwalika mhitimu wa idara hiyohiyo anayefanya kazi ya makadirio ya uchumi serikalini. Alitusimulia kwamba katika mwaka wake wa kwanza kazini alipewa kukadiria ongezeko la mikopo baada ya hatua kama ile ya benki kuu. Alitumia kizidishi, akapata namba kubwa ya kupendeza, akaipeleka. Mkuu wake aliirudisha ikiwa na maneno matatu pembeni: "Wakopaji wako wapi?" Alisema hakujua aanzie wapi kulijibu. Miaka mitatu ya shahada haikuwahi kumtaka afungue taarifa ya benki kuu. Alijifunza kwa wenzake kazini, taratibu, na kwa aibu.

Bahati yake alikuwa na mkuu wa namna hiyo. Nimewahi kusoma makadirio ya bajeti ambayo hayakurudishwa na mtu. Mapato ya kodi yanakadiriwa kwa ukuaji wa pato, ukuaji unakadiriwa kwa mikopo, mikopo inakadiriwa kwa mgawanyo wa moja kwa asilimia fulani. Kiungo cha kwanza kikikatika, nakisi inajaa pale ambapo mapato hayakuja, na serikali inarudi kukopa kwenye benki zilezile zilizotarajiwa kukopesha wafanyabiashara. Wanaolipia makadirio hayo ni watu ambao hawakuwahi kukaa katika darasa lile.

Tulichoamua na sababu zake

Tuliagiza kipengele (c) kisahihishwe upya kwa wanafunzi wote, kwa mwongozo mpya. Katika mwongozo huo, alama nusu zilikwenda kwa kueleza njia ambayo sera inapita, na nusu nyingine kwa kutaja masharti ya njia hiyo na kuyapima dhidi ya hali ya nchi iliyotajwa. Aliyetoa mnyororo wa zamani peke yake asingepungukiwa na alama alizokuwa nazo. Hili la mwisho lilipingwa, kwa kuwa liliwaacha baadhi na alama za bure. Tulishikilia kwamba kosa la mwongozo lisimwangukie mwanafunzi.

Pili, tulipendekeza mada ya fedha na benki ianze na mizania. Mwanafunzi aandike kwa mkono wake mkopo mmoja, malipo moja kwenda benki nyingine, na ununuzi mmoja wa hatifungani unaofanywa na benki kuu, kabla hajaona mlinganyo wowote. Kizidishi kibaki, kikifundishwa kama uwiano unaoweza kupimwa baada ya mambo kutokea, pamoja na masharti yanayotakiwa ili kiwe chanzo.

Tatu, robo ya alama za somo zitoke kwenye zoezi la kurudia hesabu za mtu mwingine. Wazo hili tulilitoa kwenye kisa kinachojulikana. Mwaka 2010 wanauchumi Carmen Reinhart na Kenneth Rogoff walichapisha matokeo kwamba nchi zenye deni la umma linalozidi asilimia 90 ya pato la taifa zilikuwa na ukuaji wa wastani wa hasi asilimia 0.1. Wanasiasa wa Ulaya na Marekani waliitaja namba ile walipokuwa wakitetea kubana matumizi. Thomas Herndon, mwanafunzi wa uzamivu katika Chuo Kikuu cha Massachusetts Amherst, alipewa zoezi la darasani la kurudia hesabu za makala yoyote, akaichagua hiyo. Hazikutoka sawa. Waandishi walimpa faili lao, naye akakuta fomula iliyoruka nchi tano, miaka iliyoachwa, na namna ya kupima wastani yenye utata. Mwaka 2013, pamoja na walimu wake Michael Ash na Robert Pollin, alionyesha kwamba wastani ulipaswa kuwa asilimia 2.2. Reinhart na Rogoff walikiri kosa la fomula na wakaendelea kutetea sehemu nyingine za kazi yao, na mjadala wa deni na ukuaji haujafungwa. Ila kosa lilionekana kwa sababu mwalimu mmoja alitoa zoezi la kukagua badala ya zoezi la kukariri.

Pendekezo la nne lilikuwa kila msahihishaji aruhusiwe kupeleka kwa mhadhiri jibu lisilo kwenye mwongozo lakini lenye hoja, na muda wa kusahihisha uongezwe ili hilo liwezekane.

Matokeo

Mrufani alipanda hadi alama 9. Hakupata zote: ile takwimu aliyokosea ilimgharimu, na hakueleza kabisa hali ambayo sera ingeweza kufanya kazi. Alikubali.

Kilichotushtua kilikuwa kwenye vitabu vingine. Katika vitabu 14, mwanafunzi alikuwa ameanza kuandika shaka ileile, kisha akaipiga mstari. Maneno yalisomeka chini ya wino. "Lakini benki zina akiba za ziada" limekatwa, na juu yake "kwa hiyo mikopo itaongezeka maradufu." Mwingine alikuwa ameandika aya nzima kuhusu mikopo chechefu, kwamba benki zilizochomwa na wakopaji wasiolipa hazitakopesha hata zikiwa na fedha, kisha akaikata kwa alama ya msalaba ukurasa mzima na kuandika upya mnyororo wa hoja nne, safi, kama ulivyo kwenye mwongozo. Alipata 12 kati ya 12 katika usahihishaji wa kwanza.

Nilikaa na kitabu hicho muda mrefu. Kijana huyo alikuwa na jibu la mchumi, akalifuta kwa sababu alitujua sisi. Alijua tunachotaka. Tulikuwa tumemfundisha vizuri sana, kwa mihula minne, kwamba anachokiona si sehemu ya somo. Mwongozo mpya haukuruhusu kuhesabu maneno yaliyokatwa, na nadhani ilikuwa sawa kisheria, ingawa bado inaniuma.

Muhula uliofuata somo lilifundishwa kwa utaratibu mpya. Wastani wa darasa ulishuka. Wanafunzi walilalamika kwamba hawajui mtahini anataka nini, na wengine walisema wanaonewa kulinganisha na waliowatangulia. Zoezi la kurudia hesabu liliwashinda wengi kwa sababu isiyohusiana na uchumi: walikuwa hawajui kupanga takwimu kwenye jedwali la kompyuta. Mwaka wa pili wa mabadiliko, wastani ulirudi karibu na pale ulipokuwa, na wizara moja ikaanza kupokea wanafunzi wa mafunzo kwa vitendo kwa kuwa wanakuja wakijua kusoma taarifa ya benki kuu. Sisemi mabadiliko yetu ndiyo sababu pekee. Mkuu mpya wa idara naye alikuwa na watu aliowajua huko.

Uchambuzi

Kilichofaa zaidi, kwa maoni yangu, ni kugusa usahihishaji kabla ya kugusa muhtasari wa somo. Mijadala ya kurekebisha elimu ya uchumi imekuwa mingi tangu msukosuko wa mwaka 2008. Mwaka 2011 wanafunzi wa Harvard walitoka nje ya darasa la utangulizi wa uchumi la profesa Gregory Mankiw, mwaka 2012 wanafunzi wa Manchester waliunda chama cha kudai uchumi wa baada ya msukosuko, na kuanzia 2013 mradi wa CORE ukaanza kutengeneza kitabu cha bure kinachoanza na matatizo halisi. Mengi katika hayo yanahusu nini kifundishwe. Idara yetu ingeweza kuchukua kitabu kipya kesho, na kama mwongozo ungeendelea kutoa alama tatu kwa kila hoja ya mnyororo, wanafunzi wangeendelea kukata aya zao. Wanasoma mtihani kwanza. Kitabu wanakisoma kwa kadiri mtihani unavyokiruhusu.

Mizania nayo ilifaa kuliko tulivyotarajia, hasa kwa wanafunzi waliokuwa wakiogopa milinganyo. Ukiandika pande mbili lazima zilingane, na mwanafunzi anagundua mwenyewe kwamba nakisi ya serikali ni ziada ya mtu mwingine, na kwamba deni linaloiva kwa fedha za kigeni ni mnyama tofauti na deni la fedha ambayo benki kuu ya nchi inaitoa. Mambo hayo mawili tulikuwa tukiyahubiri kwa miaka bila kueleweka.

Kulikuwa pia na kosa letu, na lilikuwa kubwa. Tuliondoa kauli moja ya kukariri, na katika baadhi ya madarasa ikaingia nyingine. Msaidizi mmoja wa ufundishaji, kijana mwenye ari, aliwaambia wanafunzi kwamba kizidishi ni uongo. Mtihani uliofuata tulikuta majibu yakisema benki huunda fedha bila ukomo, kwamba kiasi cha fedha hakihusiani kamwe na bei, kwamba nakisi ya bajeti haina madhara popote. Majibu hayo yaliandikwa kwa uhakika uleule na kwa uvivu uleule wa mnyororo wa zamani. Mfumuko wa bei wa Marekani ulifika asilimia 9.1 Juni 2022, baada ya janga, misaada mikubwa ya serikali kwa kaya, kukatika kwa minyororo ya ugavi na kupanda kwa bei za nishati. Mwanafunzi aliyekariri kwamba fedha hazihusiani na bei hana la kusema hapo. Aliyekariri kwamba fedha ndizo chanzo pekee naye hawezi kueleza kwa nini miaka iliyofuata 2008 ilikuwa kimya. Wote wawili wanahitaji kuulizwa: katika hali gani?

Tulipaswa kuliona mapema. Tuliwafundisha wanafunzi na tukawasahau wanaowafundisha. Wasaidizi na wasahihishaji walipewa mwongozo mpya, saa mbili za maelezo, na siku zilezile sita. Pendekezo letu la nne, la kuongeza muda, halikutekelezwa kwa kukosa fedha za kuwalipa. Bila muda, msahihishaji mwenye vitabu hamsini mezani atatafuta maneno ya kutia tiki, hata mwongozo uwe mzuri namna gani. Yule aliyeandika "nje ya swali" alikuwa mtu makini aliyekuwa akisahihisha usiku. Nilipozungumza naye baadaye aliniambia kwamba jibu lile lilimpendeza, akalisoma mara mbili, kisha akaangalia mwongozo, akakosa pa kuliweka.

Mimi mwenyewe ningefanya tofauti jambo moja zaidi. Ningemrudishia kila mmoja wa wale 14 kitabu chake, nikamwonyesha mstari alioukata, nikamwambia kwamba hapo ndipo uchumi wake ulipoanza. Kanuni za chuo haziruhusu vitabu kutoka, na wakati huo sikutafuta njia nyingine. Wengi wao wameshahitimu.

Kilichobaki ni mtihani wa mwaka wa kwanza, ule wa kuchagua jibu, unaofanywa na wanafunzi wa vitivo vyote na kusahihishwa na mashine. Bado una swali la amana za lazima lenye majibu manne, na mashine inakubali moja tu: kwamba mikopo itaongezeka maradufu. Kulibadilisha kunahitaji idhini ya seneti. Ombi limekwama mara mbili kwa hoja kwamba hakuna ushahidi wa madhara kwa wanafunzi. Linarudi kikao kijacho, na safari hii tumeambatisha nakala za zile kurasa 14, majina yakiwa yamezibwa na mistari ikiachwa kama ilivyo.